Mama Mmoja, Makaburi Mawili

Nyumba ile ilikuwa na kamba mbili za kuanikia nguo, na aliyeijua sababu yake alikuwa ameshaijua familia nzima. Kamba ya kwanza ilitoka kwenye nondo ya dirisha la Fundi Bomba, kaka mkubwa, mtu wa chama cha Ufunguo. Ya pili ilifungwa kwenye dirisha la Kinyozi, kitinda mimba, mtu wa chama cha Ngazi. Dada yao wa katikati alikuwa akifulia watu nguo kwa ujira, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Dobi. Yeye ndiye aliyeanika fulana za samawati za Ufunguo huku na fulana za kahawia za Ngazi kule, kwa kuwa siku moja upepo ulizigusanisha na ndugu zake nusura wakabane koo.

Mama yao alikuwa akikaa katikati ya kamba hizo, kwenye kigoda, mgongo ukutani, akichambua mchele na kuwasikiliza watoto wake wakitukanana kwa kupitia yeye. "Nimezaa vyama viwili," alikuwa akiwaambia majirani. "Mungu angenijalia na mtoto mmoja, hata mmoja."

Jumanne kigoda kilibaki kitupu. Homa ya mapafu ilimmaliza Mama hospitalini kabla chai ya wagonjwa haijapita wodini, na kufikia adhuhuri mikeka ilikuwa imeshatandikwa uani. Watu wa Ufunguo walikaa upande wa dirisha la Fundi Bomba. Watu wa Ngazi walikaa upande wa Kinyozi. Hakuna aliyewapanga, miguu ilikuwa imezoea. Kilio cha wanawake peke yake ndicho ambacho hakikuwa na chama.

Dobi hakuwa na nafasi ya kulia. Kichwani mwake kulikuwa na neno moja tu, neno ambalo Mama alimwambia akiwa amemshika kidole gumba kama mtoto. "Mnizike pembeni ya baba yenu. Nimelala naye maisha yangu yote, sitaki kwenda kulala na wageni." Baba yao alikuwa amezikwa kwenye makaburi ya zamani, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo hata mtu akipiga kelele uani kwao, wafu wanasikia. Dobi aliitikia, "Nimekusikia, Mama." Na aliyemwitikia marehemu amekopa deni ambalo hakuna wa kumsamehe.

Mshona viatu wa pembeni, ambaye alitumwa kwenda kutazama mahali pa kuchimba, alirudi na sururu begani ikiwa kavu.

"Lango limefungwa kufuli," alisema.

"Limefungwaje?" Fundi Bomba aliuliza.

"Kama linavyofungwa duka, mzee. Wameweka na kibao. Baraza la mji limepitisha sheria ndogo: hapazikwi tena mtu pale. Maiti wote wapelekwe nyuma ya machimbo ya kokoto, kwenye makaburi mapya ya kampuni. Na kule unalipia."

"Kiasi gani?"

Mshona viatu alitaja. Mtu mmoja akauliza tena, kana kwamba bei ingeona haya ikashuka. Haikushuka. Ilikuwa zaidi ya kodi ya mwaka ya vyumba vyao vyote, na hiyo ilikuwa ardhi peke yake, bado sanduku, bado gari.

"Na pale kwa zamani watafanya nini?"

"Maduka. Na maegesho."

Kinyozi alimgeukia dada yake, ingawa aliyekuwa akisemwa alikuwa amekaa mbele ya macho yake. "Dobi, mwambie kaka yako amuulize Mheshimiwa Kipaza wao ni nani aliyeuza makaburi."

"Dobi, mwambie mdogo wako Ufunguo tulisimama kupinga. Mheshimiwa Miwani wao ndiye mwenye harufu ya kampuni."

"Mwambie chama chake kimesimama lini, zaidi ya kusimama mlangoni kuomba."

"Mwambie asinilazimishe nikamhesabia meno yaliyobaki."

Hapo watu waliinamisha vichwa, maana neno hilo lilikuwa na damu. Kampeni iliyopita vijana wa Ufunguo walivamia mkutano wa Ngazi, na Kinyozi akarudi nyumbani bila jino la mbele. Hakujua ni ngumi ya nani. Alijua tu kwamba kaka yake alikuwamo katika lile kundi, na kwamba mkono wa kaka yake haukuinuka kumzuia mtu. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

"Sheria ilipitaje?" Dobi alimuuliza mshona viatu.

"Kwa kauli moja," alijibu mshona viatu.

Hakuna aliyemsadiki. Mtu angesadiki vipi? Kipaza na Miwani walikuwa viongozi wa vyama viwili ndani ya baraza, na kazi yao ya kila siku ilikuwa kurushiana matope. Kipaza alimwita Miwani mchwa. Miwani alimwita Kipaza pipa tupu. Watu waliumizana barabarani kwa ajili ya mchwa na pipa. Leo uambiwe mchwa na pipa wameinua mkono mmoja?

*

Kesho yake Fundi Bomba alimvuta Dobi pembeni ya pipa la maji. "Vaa gauni la heshima. Tunakwenda kwa Kipaza. Mimi nimembandikia mabango, nimembebea spika, nimemzibia bomba la nyumbani kwake bure. Leo na yeye anizibie langu."

Walikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu jua likiwa usoni hadi lilipowapanda utosini. Karani alipita mara kadhaa akiwaruka miguu. Mara moja alisimama akamwambia Dobi, "Mama, usiegemee ukuta, umepakwa rangi mpya." Dobi aliyetoka kufiwa akanyoosha mgongo kama mwanafunzi. Wenye suti waliingia bila kukaa benchi. Fundi Bomba alikuwa amevaa fulana yake ya samawati, mpya, ile ambayo alikuwa akiihifadhi kwa ajili ya sherehe za ushindi. Jasho lilichora ramani mgongoni mwake.

Kipaza alitoka akielekea kwenye gari. Fundi Bomba akamkimbilia, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, ni mimi. Fundi wako wa bomba."

"Aaa, kamanda!" Mheshimiwa alimshika bega. Sauti yake ilikuwa nene, ya kusikika hata ikinong'ona. "Nimesikia. Pole sana. Mama yako ni mama yangu."

"Mheshimiwa, tunataka alale na mzee. Pale zamani. Basi."

Kipaza alitazama kulia na kushoto. "Sikiliza. Nendeni mkachimbe. Askari wakija, nipigie, nitamalizana nao. Lakini kimya, umenielewa? Hasa wale jirani zako wa kahawia wasijue. Wakijua wataleta siasa."

"Hata ndugu yangu sitamwambia."

"Hasa huyo."

Gari liliondoka na kuwaachia vumbi. Fundi Bomba alilipangusa usoni akitabasamu. "Umeona, Dobi? Umeona mtu?" Njia nzima alirudia neno *kamanda*, kama mtu anayenyonya pipi na kuogopa isiishe.

Hawakuwa wamefika nyumbani Kinyozi alipomwita Dobi kwa kidole kutoka mlangoni pa kibanda chake. Ndani mlinuka sabuni na spiriti. Kiti kilikuwa bado na joto la mteja.

"Unajua nimemnyoa nani sasa hivi?" Kinyozi alifunga mlango kwa kisigino. Aliponong'ona pengo lilipiga filimbi. "Miwani mwenyewe. Kila wiki namnyoa, huwa sisemi kitu. Leo nilipofika shingoni nimesema. Nimemwambia, Mheshimiwa, mama yangu yuko mochwari na makaburi yamefungwa."

"Ukamwambia ukiwa na wembe shingoni mwake?"

"Ndiyo kazi yangu, dada. Akasema, kijana wangu, kachimbe leo leo, nami nitazungumza na askari. Ila kimya. Yule kaka yako na watu wake wa samawati wasisikie, watakwenda kupiga kelele redioni." Alichukua taulo, akalikunja vizuri. "Niapie hutamwambia."

Dobi aliapa. Alikuwa ameshamwapia na yule wa kwanza, njiani wakirudi.

Usimcheke. Mtoto wa katikati hulelewa kuwa ukuta: kila upande unapigilia msumari wake, na ukuta hausemi. Dobi alikuwa amezoea kubeba maneno ya huku na ya kule bila kuyagusanisha, kama fulana. Zaidi ya hayo, alipiga hesabu yake. Mlango wenye makomeo mawili ni imara kuliko wenye komeo moja, alijiambia. Kipaza akishindwa, Miwani atakuwepo. Na ndugu zangu wawili wakikutana pale, wataona aibu mbele ya kaburi la baba yetu. Aibu itafanya kazi ambayo mimi siiwezi.

Alikosea jambo moja tu. Aibu ilikuwa imeshahama mji ule.

*

Jioni ile vijana wa Ngazi waliingia makaburini kwa nyuma, palipobomoka ukuta. Wakachimba upande wa kushoto wa kaburi la baba, wakafunika shimo kwa mabati lisionekane, wakaondoka wakicheka chinichini. Alfajiri watu wa Ufunguo wakakata kufuli la mbele kwa msumeno wa chuma wa Fundi Bomba. Mabati waliyaona. Walidhani ni vitu vya baraza. Wakachimba upande wa kulia.

Dobi alifika asubuhi akiwa nyuma ya gari dogo la mizigo, mkono juu ya sanduku. Alisikia kelele kabla gari halijasimama.

"Nani kachimba hapa?"

"Sisi. Na nyinyi nani kawaruhusu?"

"Mwenye mji karuhusu."

"Mwenye mji ni wetu."

Kila mtu alikuwa na jembe, na majembe yalikuwa yameinuka kifuani. Samawati upande wa kulia, kahawia upande wa kushoto, na katikati kaburi la baba lenye msalaba wa mbao ulioinama, kama mzee aliyechoka kuamua kesi. Fundi Bomba alisimama juu ya udongo wake. Kinyozi juu ya wake. Mashimo mawili yalikuwa yameachama kwa ajili ya mwanamke mmoja, aliyekuwa mwembamba kiasi cha kubebwa na mtu mmoja.

"Dobi," alisema Fundi Bomba bila kumtazama, "mwambie mdogo wako afukie shimo lake. Mama analala kulia."

"Dobi, mwambie kaka yako Mama alilala kushoto kwa baba maisha yake yote. Yeye kama angekuwa anaingia kumjulia hali angejua kitanda chake."

"Mwambie—"

"Mwambie mwenyewe," alisema Dobi.

Alisema polepole. Ndugu zake walimgeukia wote wawili, kama walioona ukuta ukikohoa. Lakini kabla hawajapata la kumjibu, lori la askari wa mji lilisimama langoni.

Mkuu wao alikuwa mtu mnene mwenye fimbo fupi kwapani. Alitembea kati ya makaburi kwa uangalifu, asikanyage mtu, jambo ambalo lilimfanya awe mgumu zaidi kuchukiwa. "Nani kakata kufuli?"

"Tuna ruhusa," alisema Fundi Bomba akitoa simu. "Ongea na Mheshimiwa Kipaza." Alibonyeza. Akasikiliza. Akabonyeza tena.

Kinyozi alitabasamu kwa pengo lake. "Afande, achana na hao. Sisi tuna ruhusa ya Miwani." Akapiga. Tabasamu likakaa pale usoni kwa muda, halina kazi, kisha likaondoka.

"Haipatikani?" Mkuu wa askari aliuliza bila dhihaka. "Haiwezi kupatikana. Wote wawili wako nyuma ya machimbo, wanazindua. Sikilizeni wenyewe." Akamwashiria dereva, naye dereva akaongeza sauti ya redio ya lori.

Sauti nene ya Kipaza ikajaa makaburini. Alikuwa akimshukuru *ndugu yangu, rafiki yangu, Mheshimiwa Miwani,* kwa ukomavu wa kisiasa. Makofi. Kisha Miwani, kwa sauti yake laini, akasema kuna mambo ambayo hayana chama, na mojawapo ni maendeleo. Akasema wapo wachache watakaopinga, lakini yeye na ndugu yake Kipaza wanawajua watu wao, na watu wao watakuwa na kazi ya kupingana wao kwa wao. Hapo wakubwa walicheka pamoja. Kicheko kile kilikuwa cha watu wanaokula sahani moja.

Mzee mmoja wa Ngazi aliweka jembe chini taratibu. Upande wa pili kijana wa Ufunguo aliivuta fulana yake kifuani akaitazama, kama mtu aliyegundua amevaa nguo ya maiti.

"Ndugu yangu," alisema Kinyozi akiiga sauti ile nene. "Rafiki yangu." Kisha akamtazama kaka yake usoni, mara ya kwanza tangu kampeni. "Na mimi nimetoa jino."

Fundi Bomba alishuka kutoka juu ya udongo wake. "Nilikuwa nimesimama pale," alisema. "Nilikuona ukianguka. Mikono nilikuwa nayo."

"Najua ulikuwa nayo."

"Basi." Alishusha pumzi. "Basi, mdogo wangu. Sina kingine."

Kinyozi alikwenda nyuma ya gari, akashika pembe ya sanduku, akasubiri. Alisubiri mpaka kaka yake alipokuja kushika pembe ya pili.

"Kushoto," alisema Fundi Bomba.

"Kushoto," aliitikia Kinyozi.

"Simameni hapo," alisema mkuu wa askari. "Sheria hairuhusu."

Sasa ndipo Dobi alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Askari wale walikuwa na namna yao ya kufanya kazi, na mji mzima uliijua. Walipiga upande mmoja huku upande wa pili ukishangilia. Wiki hii wanawapiga Ufunguo, Ngazi wanapiga makofi. Wiki ijayo wanawapiga Ngazi, Ufunguo wanaimba. Hawakuwa wengi, hawakuwahi kuwa wengi, bali kila mara nusu ya mji ilikuwa upande wao. Leo waliwatazama watu wale, wakatafuta upande wa kupiga, wasiupate. Samawati ilikuwa imeshachanganyika na kahawia kuzunguka lile sanduku, kila mtu akitafuta mahali pa kutia mkono.

Dobi alisogea mbele, akasimama karibu na fimbo. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kwa sabuni.

"Afande, wewe unakaa mtaa gani?"

"Hilo halikuhusu, mama."

"Una mama?"

"Ninaye."

"Mshahara wako unatosha kumzika kule kwenye kokoto?"

Mkuu wa askari alimtazama, kisha akalitazama lori lake, ambamo vijana wake walikuwa wameinamisha nyuso. Hakuwaruhusu, asije mtu akasema aliwaruhusu. Alisimama tu na fimbo yake kwapani wakati sanduku likipita ubavuni mwake, na mmoja wa askari wake akavua kofia.

Mama alizikwa kushoto kwa mumewe. Fundi Bomba alishuka kaburini kulipokea sanduku, na alipotaka kupanda alinyoosha mkono juu bila kutazama ni wa nani utakaomvuta. Kinyozi alimvuta.

*

Walikuwa wakitengeneza kichuguu cha udongo mtu mmoja alipoingia langoni akisukuma baiskeli. Nyuma ya baiskeli, palipo mahali pa mzigo, alikuwa amefunga kwa mpira sanduku dogo la mbao za makasha ya sabuni. Maandishi ya kiwanda yalisomeka bado ubavuni. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anayeogopa kukatiza mazungumzo ya wakubwa.

"Nimesikia huko barabarani," alisema, "kwamba hapa kuna kaburi limezidi."

Fundi Bomba, kwa mazoea tu, alifungua mdomo amuulize swali ambalo alimuuliza kila mgeni kabla hajampa hata maji. Dobi alimkanyaga mguu. Akaufunga mdomo.

"Nimekwenda kule kwenye machimbo," mtu yule aliendelea. "Wameniambia mtoto na mkubwa bei ni moja. Nikawaambia yeye anachukua nafasi ndogo. Wakasema shimo ni shimo." Alikohoa. "Nimekaa naye ndani tangu juzi. Mke wangu hataki kumfunika uso."

Pale walikuwepo wanaume waliowahi kuvunjana mbavu, na hapakuwa na mmoja aliyeweza kumtazama mwenzake. Kinyozi alifungua mipira ile ya baiskeli fundo moja baada ya jingine, kwa vidole vyake vya kazi, bila haraka, kama anayemnyoa mtoto mara ya kwanza. Shimo la kulia lilikuwa kubwa mno kwa sanduku lile. Ikabidi watie udongo kwanza chini, mtoto asiende mbali sana.

Mkuu wa askari alikuwa bado yupo. Aliona yote. Kisha akawaambia vijana wake wapande lori, na wakaondoka bila kupiga honi.

*

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, watu wa pande mbili walichimba kaburi moja la akiba. Hawakuunda kamati wala kuchagua mwenyekiti, kwa kuwa walijua vizuri mwenyekiti huanza na kiti na humaliza na gari. Majembe yalihifadhiwa uani kwa Dobi. Waliofiwa walikuja kutoka mitaa ya mbali, wengine usafiri wao ni mkokoteni, na wote walizikwa bila kuulizwa. Baraza la mji lilipokaa tena, viti vya wananchi vilijaa, samawati imekaa na kahawia goti kwa goti, na hakuna aliyepiga kelele. Walikaa na majembe yao, yana udongo, yameegemezwa magotini. Wenye baraza wanasema kikao kile kilikuwa kifupi kuliko vyote. Sheria ndogo ilisitishwa ili "kufanyiwa tathmini". Haikufutwa. Ilisitishwa, kama mwizi anavyosimama mbwa akibweka.

Wiki hiyo hiyo Kipaza na Miwani walikuja makaburini wenyewe, katika gari moja, kila mmoja na mpiga picha wake. Ilikuwa asubuhi, na uchimbaji ulikuwa umefika kiunoni.

"Makamanda!" alisema Kipaza akitandaza mikono. "Tumewasikia. Mimi nilisema tangu mwanzo."

"Tulisema," Miwani alimsahihisha, akiifuta miwani yake. "Kijana wangu, nywele zimeota, sijakuona. Tungependa tupige picha pembeni ya kaburi la Mama. Sote pamoja. Ishara ya umoja."

Kinyozi alimtazama kaka yake. Fundi Bomba alijifuta jasho kwa mkono wenye udongo.

"La Mama limejaa, Waheshimiwa," alisema kwa adabu kamili. "Ila hili hapa la akiba liko wazi. Linaingia wawili, mkibanana. Karibuni."

Mtu mmoja alicheka, kisha wakacheka wote, na kicheko kile kilikuwa kizito. Wapiga picha walishusha kamera zao. Kipaza alitafuta mtu wa kumshika bega, na kila bega alilolisogelea lilikuwa na kazi. Mwishowe jicho lake likamwangukia mchimbaji aliyekuwa ndani ya shimo, ambaye hakuacha kuchimba tangu walipofika, wala hakucheka. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, mipira ya mzigo ikining'inia mitupu.

"Na huyu bwana simjui," alisema Kipaza. "Huyu ni mtu wa chama gani?"

Mtu yule aliinua uso.

"Mimi ni baba wa mtoto," alisema.

Kisha akatupa udongo juu, ukaangukia viatu vilivyong'arishwa, na akaendelea kuchimba.